Jinsi ya kukokotoa umbali na muda wa ndege kutoka Dodoma hadi Dubai

Ukipima Dodoma–Dubai kwa mstari mmoja utapata kilomita 4,086 hivi. Abiria anayepitia Dar es Salaam hasafiri umbali huo. Igawe safari vipande: Dodoma–Dar (DOD–DAR) ni kilomita 389, Dar–Dubai (DAR–DXB) ni 3,977. Jumla 4,366, yaani 280 zaidi.

Kila kipande kinahitaji latitudo na longitudo za viwanja vyenyewe, si za miji, tena kwa desimali. Uwanja wa Julius Nyerere ni −6.878 na 39.203, wa Dubai ni 25.253 na 55.364. Fungua kikokotoo cha simu, ilaze simu ili vitufe vya sin na cos vitokee, hakikisha kiko kwenye hali ya DEG (nyuzi). Ikiwa RAD, jibu halitakuwa na maana yoyote. Kisha ingiza:

sin(−6.878) × sin(25.253) + cos(−6.878) × cos(25.253) × cos(16.161)

Hiyo 16.161 ni tofauti ya longitudo mbili. Utapata 0.8114 hivi. Usiifute; bonyeza cos⁻¹ juu yake, upate nyuzi 35.77. Zidisha kwa 111.19, ambazo ni kilomita za nyuzi moja kwenye mzingo wa dunia.

Alama ya kutoa ndiyo inayowaponza wengi. Tanzania yote iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo latitudo zetu zote ni hasi. Ukiisahau, Dar inahamia kaskazini, ndani ya Ethiopia, na jibu linashuka hadi kilomita 2,669. Jibu likikushangaza, anza kukagua hapo.

Sasa muda. Kwa ndege kubwa ya jeti gawa kwa kilomita 850 kwa saa: 3,977 ÷ 850 = 4.68. Hizo si saa 4 na dakika 68! Zidisha 0.68 kwa 60, upate dakika 41. Ongeza dakika 30 za kupanda na kushuka, kwa kuwa hapo ndege haiko kwenye kasi yake kamili: saa 5 na dakika 11. Tiketi huhesabu pia mwendo wa ardhini kabla ya kuruka na baada ya kutua, kwa hiyo tegemea kama saa 5 na nusu. Upepo wa mbele huongeza, wa nyuma hupunguza. Dodoma–Dar kwa ndege ya pangaboi, gawa kwa 600 kisha ongeza dakika 20. Inafika kama saa 1.

Kwenye tiketi, kila saa ni ya mji husika. Tuseme unaondoka Dar 16:45 na kufika Dubai 23:15. Ukitoa unapata saa 6 na nusu, lakini Dubai iko mbele yetu kwa saa 1, hivyo safari ni saa 5 na nusu.

Mwisho, tarehe. Tiketi ikisema 00:30 tarehe 12, hiyo ni saa 6 na nusu usiku wa kuamkia tarehe 12. Ukifika uwanjani saa 3 kabla, ni saa 3 na nusu usiku, tarehe 11. Kwa hiyo ndege ya kutoka Dodoma ikatie mchana wa tarehe 11. Ya tarehe 12 itakufikisha Dar wakati ya Dubai imeshaondoka.