Jinsi ya kumpata binti wa mtaani kwako aliyerukwa na chanjo ya HPV (tunavyofanya huku Tanga)

Nianze na ile kampeni ya Aprili 2024 maana ndo inayokumbukwa na wengi. Manesi walipita mashuleni, wasichana wa miaka 9 mpaka 14 wakachomwa sindano moja, siku zikaisha, na huku mitaani kwetu watu wakaweka akilini kwamba chanjo ya HPV, kile kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, ilikuja ikaondoka. Haijaondoka jamani. Ipo kwenye chanjo za kawaida nchi nzima toka 2018, ni bure, na yule aliyekuwa na miaka 7 wakati ule sio mdogo tena, zamu yake imefika.

Alafu kuna wale ambao shule haikuwapata kwasababu hawako shule, na hao ndo hasa walionikalisha kuandika. Binti aliyeletwa toka Lushoto au Handeni kukaa na shangazi yake amsaidie kulea, anayeshinda soko la samaki la Deep Sea na mama yake, aliyehama katikati ya mwaka kutoka Pongwe kuja Mwanzange, aliyekuwa na homa siku ile. Ukiuliza juu juu utaambiwa mtaa wote ushachanjwa.

Kwahiyo tafuta daftari la kuandika majina yao. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa kwanza, mueleze, akupe balozi au mhudumu wa afya wa mtaa mzunguke nae, maana ukienda peke yako na daftari watu watadhani ni mambo ya kodi. Nyumba za Ngamiani na Makorora nyingi ni za vyumba, familia tano sita ukumbi mmoja, usimuulize mwenye nyumba tu, gonga kila chumba. Na usiulize "nani hapa hajachanjwa", mtu anajisikia kama anakamatwa kosa. Uliza hivi: nyumba hii mna wasichana wangapi wa miaka 9 mpaka 14, pamoja na wageni na wasaidizi? Hilo neno wageni na wasaidizi ndo linawatoa watoto jikoni. Nendeni baada ya alasiri, asubuhi wamama wako sokoni au wanapika vitumbua vya kuuza.

Umri unasumbua, wengine hawana cheti. Sisi tunauliza kwa matukio, uchaguzi wa 2015 ulimkuta tumboni au keshazaliwa, alianza kuongea corona imeshaingia au bado, unapata karibu na ukweli. Akizidi 14 usimdanganyie umri, mpeleke tu akaongee na nesi aelezwe.

Binti wa kazi ndo kipengele kigumu na hapa nakaa kidogo. Tajiri yake ataogopa kwamba likitokea la kutokea atawajibu nini wazazi, na hiyo hofu ni ya haki, usimbeze. Dawa yake ni simu, pigeni kwao pale pale, mama yake awekwe spika, nesi au mhudumu amueleze, akikubali kila mtu anasikia. Kisha muombe huyo tajiri yake amuachie binti asubuhi moja tu. Mimi nshawahi kumpeleka binti wa namna hiyo kituo fulani akarudishwa eti alete barua ya shule wakati shule hajaiona miaka miwili, nkarudi nae kesho yake nikiwa na mhudumu wa mtaa, akachomwa. Usikubali mtoto arudishwe mara ya pili.

Sasa maneno. Kabla hujaongea na kina mama wengi, ongea na somo au kungwi wa mtaa wenu na ustadhi wa chuo cha Kurani wanaposoma hao watoto, maana hao wawili wakikataa hata ulete daktari toka hospitali ya Bombo utaongea na viti. Utakutana na maswali yale yale. La kwanza, "inafunga kizazi". Jibu langu huwa ni la kuonesha, Rwanda walianza kuchanja wasichana wao mwaka 2011, wale watoto sasa ni wamama, na hapa kwetu waliochanjwa 2018 wakiwa na miaka 14 mbona wapo tunaokutana nao kliniki wamebeba watoto. Ndani ya ile sindano hamna kirusi hai, kuna umbo tu linalofanana na gamba la nje la kirusi, mwili unalisoma unatengeneza kinga. Kinachofunga kizazi ni kansa yenyewe, maana matibabu yake mara nyingi ni kukitoa au kukichoma kwa mionzi.

La pili gumu zaidi, "mwanangu simlei huko, chanjo ya zinaa ya nini". Usibishane, mwambie mama hatumchanji kwasababu ya tabia yake. Binti anaweza kujitunza mpaka siku ya ndoa, mumewe akaja na kirusi bila yeye mwenyewe kujua maana mwanaume mara nyingi haoneshi dalili yoyote, na kinapita kwa kugusana ngozi kwa hiyo hata kondomu inapunguza tu haizuii chote. Chanjo inafanya kazi vizuri ikitangulia, ndo maana inaanza miaka 9. Wengi mwili unakisafisha wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili, ila kikikaa, hasa aina ya 16 na 18 ambazo ndo chanzo cha karibu asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi, kinatafuna kimya kimya miaka 15 au 20. Mtu anashtuka ana watoto wanne. Jirani yangu alishtuka hivo, damu zinatoka kila akikutana na mumewe akasema ni uchovu, tukaja kumsindikiza na basi mpaka hospitali ya saratani ya Ocean Road Dar, safari ya kutwa, na hali yake ilikuwa haikai kwenye kiti. Hakurudi mzima.

La tatu, "mbona moja, zamani walisema mbili, mnatupa nusu?" Sio nusu. Shirika la Afya Duniani lilishakubali dozi moja mwaka 2022, na sehemu ya ushahidi ilitoka hapa hapa kwetu, Mwanza, wasichana 930 walifuatiliwa wengine dozi moja, wengine mbili, wengine tatu. Isipokuwa binti anayeishi na VVU, yeye anashauriwa dozi zaidi ya moja, na hilo usiliulize ukumbini mbele za watu, waambie wazazi wote kwa pamoja kwamba mwenye mtoto anayehudhuria CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, amuulize nesi wake huko huko, basi.

Siku ya kwenda, mtoto ale. Chai na mkate au uji, kitu chochote, maana wengi wanaozimia wanazimia kwa njaa na woga sio kwa dawa, na akizimia mmoja foleni nzima wanaanza kulegea, jioni mtaa unasema chanjo imeua. Avae nguo ambayo mkono unapanda mpaka begani, kama ni baibui ndani avae kitopu cha mikono mifupi. Akishachomwa akae dakika 15 pale pale, asikimbilie bodaboda. Mkono utauma, anaweza kupata homa ndogo au kichwa siku moja mbili, panadol inatosha. Akivimba uso au kupumua kwa shida mwiteni nesi hapo hapo, ni nadra sana ila ndo sababu ya kusubiri. Binti mwenye mimba hachanjwi kwanza, asubiri ajifungue. Kadi ipigeni picha kwenye simu ya mama, za karatasi zinaliwa na mchwa.

Na mama uliyemleta usiondoke hivi hivi. Ukiwa na miaka 30 mpaka 50 uliza kipimo cha mlango wa kizazi, wanapaka kama siki wanaangalia, dakika chache majibu unayo, na wakikuta mabadiliko ya awali sehemu nyingi wanatibu siku hiyo hiyo. Anayeishi na VVU aanze mapema zaidi na arudie mara nyingi, kwake hatari ni mara sita ya mwenzake.

Wiki inayofuata rudi na daftari, nyumba zile zile, weka tiki kwa waliochomwa na tarehe, waliokataa usiwafute, wapitie tena baada ya mwezi ukiwa na mama ambaye wake keshachanjwa. Na ukurasa wa nyuma andika majina ya wenye miaka 8.