Kuunga alumini na chuma kwenye boti: agiza ukanda uliopigwa baruti

Ikija boti ya chuma hapa Mokowe, Lamu, na mwenyewe anataka kibanda cha alumini ili isilemewe juu, kijana atauliza, "Mzee, tuichomelee tu?" Haichomeleki. Alumini huyeyuka kwenye 660°C, chuma karibu 1,500. Hata vikichanganyika, kati yake hutokea tabaka gumu linalopasuka kwa mtikisiko mdogo. Bolti tupu nazo, zikinywa maji ya chumvi, alumini inaliwa.

Agiza ukanda wa tabaka tatu: chini chuma, kati alumini safi, juu aloi ya alumini ya baharini. Viwandani bamba moja huwekwa juu ya jingine kwa nafasi ndogo, na baruti iliyotandazwa juu huwashwa upande mmoja. Bamba la juu hulipiga la chini kwa pembe, na pigo hilo hufagia uchafu wote utoke mbele kama mchirizi. Metali safi zinakutana na kushikana bila kuyeyushwa. Kata kipande, king'arishe, utaona mstari wa mawimbi kama maji ya Shela wakati wa kusi. Na wewe unayefikiria kujaribu nyuma ya gereji, wacha: baruti Kenya ina sheria yake, Sura ya 115, na bila leseni unatafuta jela au kaburi.

Upana wa ukanda uwe angalau mara nne ya unene wa bamba la alumini. Bamba la milimita 6, ukanda wa 24. Kata kwa msumeno, usitumie gesi.

Chuma kichomelee kwenye chuma, alumini kwenye alumini, kwa mashine ya agoni. Mchomeleo usiukaribie mstari ule wa kati, chuma kinapokutana na alumini, kwa chini ya milimita 3. Adui hapa ni joto: mstari ukipita 315°C, mshikamano unadhoofika na macho hayaoni. Weka chaki ya joto, ile inayoyeyuka ikifika joto lake, pale pale, choma vipande vifupi, hama, subiri kipoe. Haraka ya mwenye boti si yako. Brashi ya waya ya kusugulia alumini isiguse chuma kamwe.

Ncha mbili za kanda zikikutana, usichomelee kukata mstari. Ziba kwa silanti, gundi ya kuzuia maji. Kisha paka rangi pande zote, mstari wote ufunikwe, na umwambie nahodha asimruhusu fundi mwingine kubandika kishikio hapo juu.