VM imehama hosti na sasa diski inakataa: anza kuangalia wapi

Kama umehamisha mashine pepe (vm) kutoka hosti moja, yaani kompyuta inayoiendesha, hadi nyingine, ukiiwasha inalia diski haiko ama imeharibika, tafadhali usikimbilie fsck wala chkdsk, zile programu za kurekebisha diski za Linux na Windows. Watu wengi huanza hapo na hapo ndio data huisha, juu mara nyingi diski yenyewe iko sawa kabisa, shida iko kwa faili iliyoibeba ama kwa vile hosti mpya inaionyesha hiyo mashine. Fsck ikikuta faili nusu itaanza kufuta vitu ambavyo havikuwa na makosa. Kwa hivyo tunatoka nje tukiingia ndani: faili kwanza, halafu ruhusa, halafu kontrola na draiva, ndio mwisho kabisa tuguse mafaili ya ndani ya vm.

Hii kitu imekuwa ikiulizwa sana tangu Broadcom wanunue VMware Novemba 2023 na leseni za kudumu zikaondolewa sokoni, watu wenye seva moja mbili hapo Nairobi, Industrial Area ama Upper Hill, wanatoka ESXi (mfumo wa VMware wa kuendesha vm) wanaenda Proxmox ama KVM ya kawaida, mifumo ya bure ya kazi hio hio, na wengi wanabeba diski kwa mkono. Mifano yangu mingi itakuwa ya hio safari.

Kabla ya yote, ile vm ya zamani usiifute. Iache imezimwa, na ukitaka kujaribu marekebisho yoyote fanya kwa kopi.

Sasa faili. Umebeba kwa external uliyonunua Luthuli? Angalia imefomatiwa aje, kama ni FAT32 haiwezi kubeba faili moja inayofika 4GB, na kuna programu za kukopi ambazo zitakata hapo na usione ile meseji ukibofya haraka. Tumia exFAT ama NTFS. Kama ulipitisha kwa netiweki, jua 200GB kwa waya wa gigabit ni kama nusu saa, lakini swichi ikishuka hadi 100Mbps hio ni karibu masaa matano, na katikati ya masaa matano stima inaweza kupotea mara mbili. Piga hii kwa hosti zote mbili, itakupa namba ndefu ya kutambulisha yaliyomo kwa faili, halafu ulinganishe:

sha256sum diski.qcow2

Namba zikitofautiana hakuna haja ya kuendelea kusoma, kopi tena. Na usishtuke `ls -lh` ikisema 200G halafu `du -h` iseme 40G, hio ni faili yenye mashimo matupu ndani na ni kawaida. Ukiikopi bila kujali hayo mashimo itajaa 200G kamili kwa hosti mpya, ndio maana tunatumia `rsync -S` ama `cp --sparse=always`.

Kwa VMDK, yaani mafaili ya diski ya ESXi, kuna mtego unaonasa watu kila siku. Diski ni mafaili mawili, kuna `seva.vmdk` ambayo ni kajifaili kadogo ka maandishi, na `seva-flat.vmdk` ambayo ndio data yenyewe. Kwenye ile kurasa ya kuvinjari datastore (hifadhi ya ESXi) utaona kama ni kitu kimoja, lakini ukikopi kwa scp unabeba unachotaja tu, na mtu anafika na ile ya maandishi pekee akishangaa mbona diski ya 200GB imeingia kwa sekunde moja. Fungua ile ndogo na nano ama notepad, utapata mstari kama huu:

RW 419430400 VMFS "seva-flat.vmdk"

Hio namba ni sekta, zidisha na 512 upate baiti, na lazima zilingane na saizi ya faili ya flat. Faili ya flat ikiwa ndogo kuliko hizo baiti, kopi ilikatika. Jina nalo lazima lifanane, ukibadilisha jina la faili bila kubadilisha ndani ya haka kamstari utaambiwa diski haipatikani.

Ukiona mafaili yenye `-000001.vmdk` basi kuna snapshoti (hali ya diski iliyohifadhiwa wakati fulani), na data mpya iko huko, si kwa ile ya msingi. Rudi kwa hosti ya zamani, futa ama unganisha snapshoti zote kwa menyu ya snapshoti, si kwa kufuta mafaili, hadi ibaki diski moja, ndio uhamishe. Ukiona "The parent virtual disk has been modified since the child was created", maana yake mara nyingi ni kwamba mtu aliwasha ile ya msingi peke yake. Kuna wale watakuambia badilisha CID (namba ya utambulisho iliyo kwa ile faili ya maandishi) kwa mkono na itaamka. Itaamka ndio, lakini kama ile ya msingi iliandikwa kitu baada ya snapshoti, unachanganya kurasa za vitabu viwili. Fanya hivyo kwa kopi tu.

qcow2, ile aina ya faili ya diski inayotumika na KVM na Proxmox, nayo ina mnyororo wake, faili moja ikitegemea nyingine ya msingi (mzazi):

qemu-img info --backing-chain diski.qcow2

Kama mzazi anatafutwa kwa folda ya hosti ya zamani, mhamishe pia, halafu uelekeze upya:

qemu-img rebase -u -b /njia/mpya/msingi.qcow2 -F qcow2 diski.qcow2

Hio `-u` inabadilisha jina tu bila kuangalia yaliyomo, so hakikisha mzazi ni yuleyule. Halafu vm ikiwa imezimwa piga `qemu-img check diski.qcow2`. Ikisema kuna leaks, hio ni nafasi imepotea tu, `-r leaks` inatosha. Ikisema corruptions, rudi ukopi upya kutoka kwa chanzo kabla ufikirie `-r all`.

Ruhusa ni fupi. "Permission denied" angalia mwenye faili ni nani, na kwa mashine za SELinux (ulinzi wa ziada wa Linux) faili ikiwa ndani ya /var/lib/libvirt/images piga `restorecon -v` kwa hio faili. Lakini ukiona `Failed to get "write" lock` simama kabisa, kuna kitu kingine kimeishika hio diski, mara nyingi ni vm ya zamani bado inatembea kwa hosti ile nyingine kupitia NFS (folda inayoshirikiwa kwa netiweki). Usilazimishe. Mashine mbili zikiandika kwa diski moja, hapo sasa ndio fsck itapata kazi ya ukweli.

Faili iko sawa lakini Windows inaleta skrini ya bluu ya INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE? Hio ni draiva. Weka diski kwa SATA, ikiwaka ongeza diski nyingine ndogo ya 1GB ya virtio (kontrola pepe ya KVM yenye kasi), weka draiva kutoka ile ISO ya virtio-win, hakikisha Windows imeiona hio ndogo, zima, sasa ndio uhamishe diski ya buti iende virtio. Ukiruka hatua ya hio diski ndogo mara nyingi skrini ya bluu inarudi. Na kama D: imepotea baada ya kuwaka, ingia Disk Management, labda iko tu offline, bonyeza iwe online.

Linux ikikutupa kwa skrini nyeusi ya amri ya initramfs ama dracut (mfumo mdogo wa kuanzia kabla diski ipatikane), ni yale yale. Diski iliyoitwa sda sasa ni vda, kwa hivyo fstab, faili ya orodha ya diski za kufunguliwa, itumie UUID (namba ya kudumu ya diski) badala ya jina, na utengeneze initramfs upya: `update-initramfs -u -k all` kwa Debian na Ubuntu, `dracut -f --regenerate-all` kwa Rocky na wenzake. Na kama haifiki hata hapo, inasema tu hakuna kitu cha kubuti, linganisha firmware, ile programu ya kuanzisha mashine: ya zamani ilikuwa BIOS ama UEFI? Weka ile ile.

Kuna moja inachanganya sana: vm inawaka vizuri, inafanya kazi siku nzima, halafu inasimama ghafla na io-error. Angalia hosti, si vm. `df -h`, na kama unatumia LVM thin (nafasi inayotolewa kidogo kidogo inapohitajika) piga `lvs` uone Data%, ikifika 100 umeahidi diski nafasi ambayo haiko. Kama nafasi iko, `dmesg` ya hosti na `smartctl -a` zitakuambia kama ni hadi disk yenyewe inakufa.

Umepita yote hayo na bado, sasa ruhusa ya fsck: kwa kopi, `fsck -n` ama `xfs_repair -n` kwanza uone ingetaka kufanya nini.

Ikishakubali, rudi kwa hosti ya zamani utoe autostart (kujiwasha yenyewe) ya hio vm na uchomoe netiweki yake. Stima ikipotea usiku na irudi, hosti itajiwasha na vm ya zamani pamoja nayo, na asubuhi utakuwa na seva mbili zenye IP moja na wahasibu wameingiza risiti nusu huku nusu kule.