Kusaka kathepsini D kwenye seli za binadamu: mwongozo kutoka maabara yenye baridi

Miongozo mingi ya westani bloti (njia ya kutenganisha protini kwa uzito ndani ya jeli, kuzihamishia kwenye membreni na kuzitambua kwa kingamwili) imeandikwa na watu ambao chumba chao kina nyuzi 22 mwaka mzima. "Acha kwenye joto la chumba kwa saa 1," wanasema. Chumba cha nani? Mimi nafanya kazi Mbeya, mwinuko wa mita 1,700 hivi, na asubuhi ya mwezi wa saba kipimajoto cha ukutani kwetu kinasoma 13. Niliharibu jeli nyingi kabla sijang'amua kwamba kosa halikuwa la mikono yangu. Hapa naeleza ninavyopima kathepsini D kwa kingamwili kwenye seli za HepG2, ambazo asili yake ni uvimbe wa ini la binadamu. Wenzangu wa Iringa na Njombe mtajikuta humu. Wa Dar, rukeni sehemu ya baridi.

Kabla ya hatua yoyote: unamtafuta nani?

Kathepsini D ni kimeng'enya kinachokata protini ndani ya lisosomu, kifuko cha kumeng'enyea kilichomo ndani ya seli, mahali penye uchachu mkali. Jini lake linaitwa CTSD, lipo kromosomu ya 11. Protini hii haizaliwi ikiwa na umbo la kazi. Seli huiunda kama mnyororo wa asidi amino 412, kisha kipande cha mwanzo hukatwa na mnyororo huvikwa sukari. Hapo inaitwa prokathepsini D, uzito wa kilodaltoni (kipimo cha uzito wa protini) 52 hivi. Sukari zake hugongwa alama ya manosi-6-fosfati, tiketi ya kuipandisha gari la kwenda lisosomu. Njiani hukatwa tena ikabaki 48. Ikifika, hukatwa vipande viwili, kizito cha 34 na chepesi cha 14, ambavyo hubaki vimeshikana bila kifungo cha kemikali cha kudumu. Ukivitia kwenye SDS, sabuni inayonyoosha protini, vinaachana, kila kimoja kinakwenda zake.

Kwa hiyo protini moja inaweza kukupa mistari minne kwenye picha, mmoja kwa kila uzito. Binti mmoja aliyekuja kwetu kwa mafunzo kwa vitendo alitazama picha yake ya kwanza akaniambia, "Kaka, kingamwili hii ni mbovu, inashika kila kitu." Haikuwa mbovu. Ilikuwa inamwonyesha safari nzima.

Hatua ya 1: Kuchagua kingamwili

Usianze na bei. Anza na swali hili: kingamwili inashika sehemu gani ya mnyororo? Karatasi ya maelezo ikisema ilitengenezwa dhidi ya mnyororo mzito, utaona 52, 48 na 34, ila 14 hutaiona kamwe, hata ukeshe. Ikisema ni mnyororo mwepesi, utaiona 14 na ile mirefu, lakini 34 itakosekana. Nimeshuhudia mtu akiandika kwenye ripoti kwamba dawa yake "imefuta kathepsini D iliyokomaa", kumbe kingamwili yake haikuwa na macho ya kuiona.

Cha pili, hakikisha imejaribiwa kwenye seli za binadamu na kwenye westani bloti hasa. Kingamwili inayong'aa vizuri chini ya hadubini inaweza kuwa bubu kwenye membreni, kwa sababu kule protini imejikunja kama ilivyoumbwa na huku imenyooshwa kwa SDS na joto. Cha tatu, mnyama. Mimi napendelea ya sungura ya monokloni, yaani ya aina moja tu. Ya polikloni, iliyo mchanganyiko, nayo inafaa, ila chupa ya mwaka huu na ya mwaka ujao zaweza kutofautiana, ukajikuta unaanza vipimo upya.

Hatua ya 2: Kuipokea na kuigawa

Mzigo wetu hushuka Dar na kupanda basi la usiku hadi huku, ndani ya boksi la foamu lenye vipande vya barafu. Barafu ikifika imeyeyuka usilie. Kingamwili iliyosafishwa huvumilia siku chache za ubaridi hafifu. Inachochukia ni kugandishwa na kuyeyushwa mara kwa mara. Siku hiyohiyo igawe kwenye tyubu ndogo za mikrolita 10 au 20, andika tarehe na namba ya toleo, weka nyuzi -20.

Na hapa nikiri kosa langu. Mwaka wa kwanza niliiweka kwenye friza ya kisasa isiyotengeneza barafu ukutani. Friza za namna hiyo hujipasha kidogo kila mara ili kuyeyusha barafu, kwa hiyo tyubu zangu zilikuwa zinayeyuka na kuganda bila mimi kujua. Baada ya miezi michache mistari ikafifia. Nikailaumu kingamwili, nikalaumu basi, nikalaumu maziwa ya kuzibia membreni. Sasa tunatumia friza ya zamani yenye barafu ukutani, ile ya kukwanguliwa kwa mkono.

Hatua ya 3: Kupasua seli

Seli zikijaa kama asilimia 80 ya pleti, mwaga chakula chao. Kama unataka kujua kiasi kinachotoka nje ya seli, kihifadhi. Ila basi uwe umewalisha bila seramu kwa saa za mwisho, maana albumini ya seramu, kilodaltoni 66, hujaa kwenye jeli na kuusukuma mstari wa 52 upinde kama mgomba kwenye upepo. Osha seli mara mbili kwa PBS (maji ya chumvi) ya baridi, weka bufa ya RIPA, ya kupasulia seli, yenye vizuizi vya vimeng'enya, kwangua, acha kwenye barafu dakika 20, zungusha kwa g 14,000 dakika 15 kwenye nyuzi 4. Chukua maji ya juu.

Soma kwa makini orodha ya vizuizi ulivyonunua. Baadhi ya vidonge vya mchanganyiko havina pepstatini A, na hiyo ndiyo inayozuia jamii ya kathepsini D. Iongeze mwenyewe, mikromola 1 inatosha. Haiyeyuki kwenye maji, iyeyushe kwanza kwenye kiyeyushi cha DMSO. Kumbuka inazuia makali tu, protini yenyewe inabaki palepale, kwa hiyo mstari wako hautapungua kwa sababu yake.

Usiziache sampuli kwenye friji ukisema utamalizia Jumatatu. Lisosomu zenyewe ziligunduliwa kwa mlango huo: kundi la Christian de Duve kule Ubelgiji lilipima kimeng'enya kwenye ini lililosagwa likapata kidogo, likalipima tena baada ya siku 5 za friji likapata kingi. Vifuko vilikuwa vimeanza kuvuja. Jina la lisosomu lilikuja mwaka 1955, na Nobel mwaka 1974. Wao walipata Nobel kwa sampuli iliyolala kwenye friji. Wewe utapata mistari iliyosagika.

Pima kiasi cha protini kwa njia ya BCA, inayotumia rangi. Mikrogramu 20 kwa kila kisima zinatosha kwa HepG2.

Hatua ya 4: Jeli, na vita vya baridi

Hapa ndipo miongozo ya wenzetu inapotuacha barabarani.

Chupa ya SDS ya asilimia 10 chini ya nyuzi 20 hivi huanza kujitenga. Unafika asubuhi, unaiinua, unakuta ndani mna kitu cheupe, kizito, kama uji wa sembe uliopoa. Ukichota maji ya juu tu unapata SDS pungufu, protini hazinyooki vizuri, mistari inatoka na mikia. Tumbukiza chupa kwenye bakuli la maji ya vuguvugu, izungushe taratibu mpaka iwe angavu kabisa, ndipo uchote. Bufa ya sampuli nayo ni hivyohivyo. Na usiweke sampuli yenye bufa hiyo kwenye barafu kisha ukashangaa kwa nini inakataa kuzama kisimani.

Akrilamidi, yaani malighafi ya jeli, nayo inachelewa kuganda. Kitabu kinasema dakika 30. Kwetu mwezi wa saba naweza kusubiri saa nzima na jeli bado inacheza. Watu hukimbilia kuongeza TEMED, kemikali ya kuigandisha, mpaka jeli inaganda kwa mabonge. Usifanye hivyo. Pasha maji na bufa mpaka nyuzi 25 kabla ya kuchanganya, na fremu za vioo ziweke kwenye inkubeta nusu saa. Tumia jeli ya asilimia 12 kwa 52 hadi 34. Ukiitaka na 14, panda hadi 15.

Jambo la mwinuko: maji hapa Mbeya yanachemka karibu nyuzi 94. Ukiweka kipashio nyuzi 95 kama mwongozo unavyosema, sampuli inachemka ndani ya tyubu, mvuke unasukuma kifuniko, na unasikia "pwa!", halafu "pwa!" nyingine, na sampuli ya wiki mbili iko kwenye dari. Mimi naweka 70 kwa dakika 10. Inafanya kazi ileile, na vifuniko vinatulia.

Hatua ya 5: Kuhamishia kwenye membreni

Membreni ya PVDF (aina ya plastiki), ilowekwe kwenye methanoli sekunde chache kwanza. Kwa mnyororo wa 14 tumia yenye matundu ya mikromita 0.2, yale ya 0.45 huipitisha kama maji kwenye chekeche. Volti 100, saa 1, na barafu pembeni. Umeme ukikatika katikati, protini zinabaki zikitangatanga kati ya jeli na membreni, kwa hiyo unganisha mashine kwenye betri ya akiba kabla hujabonyeza chochote. Ukimaliza, paka rangi ya Ponceau, inayozionyesha protini kwa wekundu. Kama visima vyote havina wekundu unaolingana, ishia hapo, usipoteze kingamwili.

Hatua ya 6: Kingamwili yenyewe

Ziba membreni kwa maziwa ya unga ya asilimia 5 kwenye TBST (bufa yenye chumvi na sabuni kidogo), saa 1. Maziwa yawe yasiyo na mafuta. Yale ya kopo tunayotia kwenye chai yana mafuta kamili na yataacha madoa. Kingamwili ya kwanza izimue 1:1000 kama pa kuanzia, ilale usiku kucha kwenye nyuzi 4. Naupenda usiku kuliko "saa 1 ya joto la chumba", kwa sababu nyuzi 4 ni nyuzi 4 kila mahali.

Asubuhi osha mara tatu, dakika 10 kila mara. Kingamwili ya pili, inayoshika ile ya kwanza na yenye peroksidesi (kimeng'enya cha kutoa mwanga wa picha), 1:5000, saa 1. Hii ndiyo inayohitaji joto la kweli, kwa hiyo chombo changu kinakaa ndani ya ndoo ya maji ya nyuzi 22. Usiweke sodiamu azidi kwenye bufa yoyote ya hatua hii. Inahifadhi kingamwili vizuri, ila inaiua peroksidesi, na utapiga picha ya giza tupu.

Hatua ya 7: Kusoma mistari

Kwenye HepG2 iliyotulia, mstari mnene ni wa 34. Wa 48 unaonekana hafifu, na 52 pengine kivuli tu. Maana yake protini nyingi imeshafika lisosomu na kukomaa. Usijumlishe mistari yote ukaiita "kathepsini D". Ripoti kila mmoja kivyake.

Mstari wa kulinganishia, yaani wa protini nyingine inayothibitisha kwamba visima vimepata kiasi sawa, usiwe GAPDH. Watu wengi wanaitumia kwa mazoea, lakini uzito wake ni 36 au 37, mlango wa jirani kabisa na 34, na kingamwili zote mbili zikiwa za sungura hutajua nani ni nani. Tubulini ya 50 nayo inaziba 48 na 52. Natumia vinkulini, 117 hivi, iko juu peke yake.

Sasa, unajuaje kwamba hiyo 34 ni kathepsini D kweli? Ushahidi mzito ni seli zilizonyamazishwa jini la CTSD. Kama unatumia siRNA (vipande vifupi vya RNA vya kunyamazisha jini), wape siku 3 na zaidi, maana protini iliyokomaa hukaa muda mrefu na haiondoki kwa sababu tu umefunga mlango wa kuingilia.

Jaribio la bei nafuu ni klorokwini. Wazee wa hapa wanaikumbuka kwa uchungu wake na kwa mwasho, kabla Tanzania haijaiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Inajikusanya ndani ya lisosomu na kupunguza uchachu wake. Uchachu ukipungua, ukataji unakwama, na sehemu ya prokathepsini inapotea njia ikatoka nje ya seli. Tunawapa seli mikromola 50 usiku kucha, na pleti ya pembeni bila dawa.

Yule binti alirudia bloti yake hivyo. Kisima cha bila dawa kilitoa 34 nene kama kawaida. Kwenye kisima cha klorokwini, 34 ilipungua na 52 ikapanda, na kwenye chakula cha seli, ambacho safari hii hakukimwaga, 52 ilisimama peke yake. Alikaa mbele ya kompyuta muda. "Kwa hiyo, kaka, ile ya kwanza nisiifute?" Nikamwambia aiweke kwenye faili moja na hii, aandike tarehe, kisha aoshe membreni aitie kingamwili ya vinkulini kabla haijakauka.