Toa stima kwa kukunja kisahani cha buza

Kama uko Kisumu, pitia kwa fundi wa redio pale Kibuye umuulize kisahani cha buza, kile cha kutoa mlio ndani ya saa ya alarm iliyokufa ama toi ya watoto. Ni kibati cha rangi ya shaba chenye duara jeupe katikati. Hilo jeupe ni seramiki, na ndilo linatoa stima. Lina madini ya risasi (lead) ndani, ambayo ni sumu, kwa hivyo usilikwaruze wala kulipiga tupa, na ukimaliza nawa mikono.

Solda waya moja kwa jeupe na nyingine ukingoni kwa kibati, haraka haraka, maana moto ukikaa sana ile rangi ya fedha iliyopakwa juu ya jeupe inabanduka. Halafu shika LED mbili nyekundu, zile taa ndogo za miguu miwili, ziunge kwa hizo waya mbili zikielekea kinyume, mguu mrefu wa moja uguse mfupi wa nyingine. Funga pazia, gonga kisahani kwa ncha ya kidole. Moja itamweka ukigonga, nyingine ukiachilia! Sasa bonyeza na ushikilie hapo: giza. Hapo ndipo pa kuelewa, stima inatoka wakati umbo linabadilika, ukitulia nayo inatulia.

Jacques na Pierre Curie waliona fuwele zikibanwa zinatoa chaji huko Ufaransa mwaka wa 1880, na mwaka wa 2014 wanasayansi huko Marekani wakaonyesha kitu hicho hicho kwa molibdenamu disalfaidi, yaani molibdenamu (aina ya chuma) iliyoungana na salfa, leya moja tu, atomi za molibdenamu zikiwa katikati na za salfa juu na chini, wakaivuta ikarefuka kwa asilimia 0.53 na ikatoa hadi milivolti 15. Kinachonivutia sana ni kwamba leya moja inatoa, mbili hazitoi, tatu zinatoa tena, kwa sababu kila leya inaelekea kinyume na ya chini yake, zikiwa jozi zinafutana.

Hiyo huwezi kuunda nyumbani, na kisahani chako pia hakitachaji simu, tusidanganyane. Lakini unaweza kuweka akiba: toa LED, unga dayodi nne (zinapitisha stima upande mmoja tu) kwa mtindo wa briji, yaani stima ya kugonga na ya kuachilia zote zitoke upande mmoja, kisha kapasita ya maikrofaradi 10 ya kuweka chaji, uangalie chanya na hasi. Weka mita kwa volti za DC na ugonge mfululizo, namba zitapanda. Ukiacha zitashuka polepole, mita yenyewe inakula kidogo.