Kufungua kliniki ya paka na mbwa eneo la biashara, Mombasa: soma ploti kabla ya kusaini mkataba

Kila baada ya wiki chache hunipigia simu daktari kijana aliyetoka kusomea udaktari wa mifugo Kabete. Leseni anayo mkononi, ameona duka zuri Nyali au Tudor, na swali lake huwa ni moja: dakta, kodi hii si ghali? Nami humuuliza, hiyo ploti imeandikwa nini? Hapo simu hunyamaza.

Nimechoka kurudia maneno yale yale kwa simu, kwa hivyo nayaweka hapa. Nazungumzia Kenya, na hasa Mombasa ninakofanyia kazi. Jambo moja ulishike tangu mwanzo: wanaopanga mji hawana vita na paka wala mbwa. Hofu yao ni usiku. Ukiweza kueleza kwa ukweli nini kitatokea katika jengo lako baada ya saa mbili usiku, kazi nyingi umeimaliza.

Hatua ya 1: Jua unafungua nini

Ukiandika kwenye fomu ya kuomba ruhusa ya kaunti "huduma za mifugo", afisa ataona ng'ombe, samadi na nzi. Usimlaumu, maana Mswahili akisikia mifugo fikira zake huenda kwa ng'ombe na mbuzi. Andika "kliniki ya wanyama wadogo wa nyumbani", kisha uwataje: paka, mbwa, sungura, kasuku.

Halafu tenganisha kazi zako. Kutibu na kuchanja mchana ni kitu kimoja. Kumlaza paka aliyepasuliwa leo mpaka kesho asubuhi ni kitu cha pili. Kuwatunzia watu mbwa wao wakisafiri Desemba ni biashara nyingine kabisa, na hiyo ndiyo inayoleta majirani mlangoni kwako usiku wakiwa na kanga na fulana za kulalia. Miji mingi ya Marekani imeliandika jambo hili waziwazi: kliniki ya wanyama wadogo inaruhusiwa eneo la biashara mradi kila kitu kifanyike ndani ya jengo, bila mabanda ya nje. Hapa kwetu usitarajie kuikuta imetajwa hivyo. Kwa hivyo sharti hilo jiwekee mwenyewe, na uliandike kwenye maombi yako kabla hujaulizwa.

Hatua ya 2: Soma ramani, kisha soma hati

Katika ramani za mipango nchini, kila matumizi yana namba na rangi yake. Makazi ni 0, rangi ya kahawia. Biashara ni 5, rangi nyekundu. Nenda idara ya mipango ya kaunti na namba ya ploti, uonyeshwe imeangukia wapi.

Ukikuta nyekundu usishangilie bado. Ardhi nyingi mjini ni ya kukodi kutoka serikalini kwa miaka maalumu, na hati yake ina ukurasa wa masharti. Humo utakuta mstari mmoja mkavu unaosema ardhi na majengo yatatumika kwa jambo fulani tu: maduka na ofisi, au nyumba za kuishi, au godauni. Mstari huo una nguvu kuliko rangi ya ramani.

Mimi mwenyewe ulinikamata. Nilipotaka tawi la pili nilipata duka chini ya ghorofa. Kushoto kwangu kinyozi, kulia muuza simu, nikasema hapa pana biashara tayari, niogope nini? Nikalipa miezi mitatu mbele, nikapaka rangi, nikaweka meza ya chuma ya upasuaji. Nilipopeleka maombi nikaonyeshwa hati: nyumba za kuishi tu. Wale majirani zangu walikuwa wamekaa miaka bila ruhusa na hakuna aliyewauliza. Aliyekwenda kuuliza ni mimi, basi jibu likaja kwangu. Kodi ya duka lililofungwa niliilipa miezi mitano.

Hatua ya 3: Mwenye nyumba ni mwenye ardhi?

Hili ni letu watu wa Mombasa, na madaktari wa bara huwapita kabisa. Katika mitaa kama Majengo, Kisauni, Likoni na kwingineko, mtu huweza kumiliki nyumba na asimiliki ardhi iliyo chini yake. Yeye hulipa kodi ya kiwanja kwa mwenye ardhi, pengine ukoo unaoishi mbali na ploti yenyewe, pengine kesi ya urithi haijakwisha. Huyo mwenye nyumba atakukodisha duka kwa moyo safi, lakini hawezi kukuombea kubadili matumizi ya ardhi isiyo yake.

Basi kabla ya kusaini, omba nakala ya hati na ufanye upekuzi wa umiliki katika ofisi ya ardhi. Jina la kwenye hati na jina la kwenye mkataba wako yakitofautiana, tafuta idhini ya maandishi ya mwenye ardhi. Ukiambiwa "huyo tunajuana naye, hana neno", tafuta duka jingine.

Hatua ya 4: Maombi ya kubadili matumizi

Sheria ni ile ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya 1996. Kwa sheria hii, kubadili matumizi ya jengo kunahesabiwa kuwa uendelezaji hata kama hukugusa tofali moja. Kuanza bila ruhusa ni kosa: faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili.

Utahitaji mpangaji miji aliyesajiliwa akuandikie ripoti ya maombi. Usibanie hapa. Ripoti nzuri huonyesha ploti, majirani, maegesho, maji taka yanaelekea wapi, na kwa nini kliniki inafaa pale. Kaa naye, mweleze kazi ya kliniki ilivyo, kwa sababu wengi wao hawajapata kuingia chumba cha kupasulia paka. Niliwahi kusoma rasimu iliyosema kliniki itakuwa na "sehemu ya kuchinjia". Jamani!

Baada ya hapo ni tangazo gazetini na bango kwenye ploti, kuwaita wenye pingamizi waandike. Matangazo hayo kwa kawaida hutoa siku 14. Usingoje wasome bango. Piga hodi kwa majirani mwenyewe, kaa barazani kwao, eleza. Pingamizi nyingi nilizoona ziliandikwa na watu walioudhika kwa kupata habari ukutani.

Kaunti ina siku 60 za kukujibu kwa maandishi. Sheria inasema zikipita bila jibu, ruhusa itahesabiwa imetolewa. Usiitegemee sana njia hiyo. Mkaguzi akija anataka karatasi yenye mhuri, na kumweleza hesabu ya siku mlangoni ni kazi. Ukikataliwa, una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza mambo haya, na baada yake kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Hatua ya 5: Kelele

Hapa ndipo kliniki hufa. Kanuni za kelele za 2009 zinaweka viwango kwa desibeli. Mchana, yaani kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku, eneo la biashara linaruhusiwa 60. Eneo la makazi yaliyochanganyika na biashara, 55. Nje kwenye makazi, 50. Usiku unapoingia tofauti zote hufutika: kila mahali ni 35. Mbwa mmoja mkubwa akibweka karibu nawe hupita 80 bila kutoka jasho. Kwa hiyo kukodi eneo la biashara hakukupi nafuu yoyote usiku.

Dawa yake ni ya kifundi. Chumba cha kulaza kiwe katikati ya jengo, kisipakane na ukuta wa jirani. Ukuta wa matofali ya matumbawe unazuia sauti vizuri. Tatizo ni madirisha yetu ya vipande vya vioo vinavyofunguka kama mapezi, yale hata yakifungwa hupitisha sauti kama chekeche. Yazibe, uweke kiyoyozi. Paka na mbwa wasionane, maana nusu ya kubweka hutokana na kuonana. Na kama huna mtu wa kulala kazini, usilaze mbwa.

Hatua ya 6: Taka, na karatasi zilizobaki

Sindano kwenye sanduku gumu lisilotoboka, taka zenye maambukizi kwenye mifuko yake, na mkataba na mchukuzi mwenye leseni. Mzoga hauendi jaani. Panga mapema utachomwa wapi. Wewe uwe na leseni ya mwaka ya Bodi ya Veterinari chini ya sheria ya 2011, na kituo chenyewe kikaguliwe na kusajiliwa. Ukiweka eksirei, kuna mamlaka ya kudhibiti nyuklia. Leseni ya biashara na cheti cha zimamoto huja mwisho, si mwanzo. Ada za kaunti hubadilika na sheria yake ya fedha, kwa hivyo uliza za mwaka huu, usiulize rafiki aliyefungua zamani.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Nuru: Shikamoo dakta. Mimi nina agroveti Changamwe, leseni ninayo. Naweza kutenga chumba cha nyuma nianze kuchanja paka na kuwahasi?

Marahaba, dadangu. Agroveti machoni pa mipango ni duka, unauza na mteja anaondoka. Chumba cha upasuaji ni matumizi mengine, na bodi pia itataka kukikagua chumba hicho peke yake. Leseni ya duka haikifuniki. Anza na hatua ya 2, na upate daktari wa kusimamia.

Bwana Ali wa Kuze: Duka nililopata limepakana na msikiti, na ushoroba ni mmoja. Kisheria nina shida?

Una mambo mawili. Kanuni za kelele zinaweka sehemu za ibada 40 mchana, chini kuliko eneo la biashara. La pili haliko kwenye kanuni yoyote ila ndilo zito: sisi wengi huku ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na kwetu mate ya mbwa ni najisi nzito. Mtu ametawadha, anakutana na mbwa aliyelowa ushorobani, utamwambia nini? Mwenzangu mmoja alifungua mlango wa nyuma kwa ajili ya mbwa, paka wakabaki kupita mbele kwenye makapu yao ya ukili yaliyofunikwa leso. Imamu akawa mteja. Kama mlango wa nyuma haupatikani, fanya paka peke yake au liache duka hilo. Na ukiwa Mji wa Kale, kumbuka ni eneo la hifadhi: hata kutoboa mlango kunataka ruhusa yake.

Kiprotich_Vet: Niko Nairobi, nataka kukodi nyumba ya zamani yenye bustani Kilimani. Bustani itafaa kwa mbwa kupumzika?

Bustani hiyo ndiyo itakayokukosesha ruhusa. Jirani wa ghorofa ya sita atawaangalia mbwa wako tangu alfajiri. Kwenye mchoro wa maombi iandike maegesho na miti, mbwa wote ndani. Kisha angalia hati kama nilivyosema. Nyumba za namna hiyo mara nyingi hati yake bado inasema makazi, hata kama mtaa mzima umekuwa ofisi.

Fundi wa Paka: Nina diploma ya afya ya wanyama. Naweza kufungua kwa jina langu?

Sheria ya 2011 inawasajili wasaidizi wa veterinari pia, kwa hivyo kazi unayo. Lakini upasuaji ni wa daktari. Tafuta daktari mwenye leseni mshirikiane, jina lake liwe kwenye maombi tangu siku ya kwanza. Usimkodi kwa ajili ya kutundika cheti chake ukutani, mkaguzi huuliza "yuko wapi?"

Saida M.: Kwa nini nihangaike na ploti? Nikinunua gari nizunguke majumbani si yote haya yanaisha?

Yanapungua sana. Kumchanja paka sebuleni kwa mwenyewe hakubadili matumizi ya ploti ya mtu. Wengi huanza hivyo, nami nilianza na pikipiki na boksi la barafu. Ila chanjo lazima zilale mahali penye baridi, dawa ziwe na stoo inayojulikana, na leseni itataka anwani. Na upasuaji wa ndani ya gari kwenye joto la Februari, dadangu, sikushauri.

Hamisi Kibao: Nimepata ruhusa zote, alhamdulillahi. Kibao cha nje nacho kina kibali?

Hongera, kakangu. Kina kibali chake na ada yake, na hutozwa kwa ukubwa, kwa hivyo usichore jumba. Maneno "wanyama wadogo" yawe makubwa kuliko jina lako. Mimi langu nililitanguliza jina, na mpaka leo huletewa mbuzi.