Namna ya Kuanzisha Mfumo wa Taarifa za Hiari Kwenye Kituo Kidogo cha Ndege

Mwongozo huu nimewaandikia wenzangu wa vituo vya mikoani: wapakiaji, wajaza mafuta, mafundi, watu wa kaunta, na hasa wewe uliyeongezewa jukumu la kuzuia ajali juu ya kazi yako ya kila siku. Mimi niko Kigoma, na taarifa za wenzetu wa Tabora napokea pia. Ninayoyaeleza ndiyo tunayoyafanya.

Mfumo wa taarifa za hiari ni njia ya mfanyakazi kueleza mwenyewe kosa au hatari kabla haijawa ajali, bila kuogopa adhabu. Kwanza chanzo chake, maana bila kukijua utajenga sanduku la maoni tu. Tarehe 1 Desemba 1974, Boeing 727 ya TWA, shirika la ndege la Marekani, iliyokuwa ikienda kutua uwanja wa Dulles, karibu na Washington, iligonga mlima na watu wote 92 wakafa. Marubani waliteremka mapema mno baada ya kuelewa tofauti kibali walichopewa na mwongoza ndege. Kinachouma zaidi ni kwamba wiki sita kabla, marubani wa shirika jingine walinusurika kugonga mlima uleule, kwa kuelewa vibaya vilevile. Walisema, na shirika lao likawaonya marubani wake. Onyo halikufika kwa wengine.

FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, ikaanzisha mfumo wa taarifa mwaka 1975. Marubani wakasita, kwa kuwa aliyewaomba waeleze makosa yao ndiye aliyeshika leseni zao. Mwaka 1976 kazi ya kupokea ikapewa NASA, taasisi ya Marekani ya utafiti wa anga, isiyoweza kumwadhibu rubani yeyote, na hapo taarifa zikaanza kumiminika. Leo zimeshapita milioni moja. Kila hatua iliyo hapa chini imetokana na uamuzi ule wa kumtenganisha anayepokea na anayeadhibu.

Hatua ya 1: Tafuta jina lisilotisha

Kiswahili kina neno moja, usalama, kwa mambo mawili ambayo kwenye anga ni idara mbili: kuzuia ajali na kuzuia wahalifu. Halafu mtaani "mtu wa usalama" ana maana yake nyingine kabisa. Ukitundika sanduku lenye maandishi "Taarifa za Usalama", mpakiaji atalipita kwa mbali. Sisi tuliliita "Taarifa za Kuzuia Ajali". Neno kuripoti nalo tulilikwepa, kwa sababu kumripoti mtu ni kumchongea. Fomu yetu inauliza nini kilitokea. Hakuna mahali inapouliza nani alikosea.

Hatua ya 2: Chora mpaka, na mkubwa autie saini

Kabla ya fomu ya kwanza kutoka, andika ukurasa mmoja wa Kiswahili unaosema nini kinalindwa na nini hakilindwi. Ajali na matukio makubwa hayamo humu, hayo yana taarifa zake za lazima kisheria. Ulevi kazini, hujuma, uhalifu na kosa la makusudi havilindwi. Vingine vyote, yaani kusahau, kuteleza, kuchoka, kusoma vibaya, kukadiria vibaya, vinalindwa.

Kwa yale ya katikati, tumia swali moja: mwenzake mwenye mafunzo yaleyale, zamu ileile, vifaa vilevile, angeweza kufanya hivyohivyo? Kama ndiyo, kumwadhibu huyu hakumzuii yule wa kesho.

Mkubwa akisita kutia saini, mweleze kwamba haya si mawazo yako. Kiambatisho cha 19 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kilichoanza kutumika mwaka 2013, kinazitaka nchi wanachama ziwe na mfumo wa taarifa za hiari na zilinde taarifa hizo. Tanzania ni mwanachama. Mwonyeshe pia mpango ule wa Marekani: anayetoa taarifa ndani ya siku 10, kwa kosa lisilo la makusudi na lisilohusu ajali wala jinai, anaweza kusamehewa adhabu hata kama kosa lenyewe litathibitishwa. Hapo atauona mpaka ulivyo, kwamba huu si mlango wa kila mtu kufanya atakalo.

Usiruke hatua hii. Kwenye kituo kimoja nilichowahi kufanyia kazi, kijana alikuja mwenyewe kusema kwamba mkokoteni wake umegusa ukingo wa mlango wa mizigo. Fundi akakagua, ndege ikawa nzima. Kijana akasimamishwa siku tatu bila malipo. Miezi minane iliyofuata hakuna aliyesema chochote, na mimi sikuamini hata siku moja kwamba kwa miezi minane mikokoteni haikugusa kitu.

Hatua ya 3: Chagua mpokeaji

Asiwe meneja wa kituo, wala anayepanga zamu, wala anayejaza fomu za tathmini za watumishi. Kituo kikiwa kidogo mno hadi hapo hakuna mtu, mpokeaji awe wa kituo kingine. Ndivyo ilivyokuja kuwa taarifa za Tabora zinakuja Kigoma.

Msitumie kundi la WhatsApp. Namba ya mtu inaonekana, na sauti yake inajulikana. Tumieni karatasi na simu ya moja kwa moja. Sanduku lisikae mbele ya kamera wala karibu na mlango wa bosi. La kwetu liko njiani kuelekea chooni, ambako kila mtu ana sababu ya kupita.

Hatua ya 4: Tengeneza fomu

Ukurasa mmoja, maswali manne: uliona nini, ulikuwa unafanya nini, nini kilikusaidia au kilikukwamisha, na unadhani nini kifanyike. Kwa asiyependa kuandika, mpokeaji aandike kwa kumsikiliza.

Maneno ya fomu yajaribiwe kwa watumiaji wenyewe. Ya kwetu ya kwanza ilikuwa na kisanduku cha kuweka tiki kilichoandikwa "ndege" tu. Kigoma tuna kunguru na mwewe wanaofuata dagaa wanaoanikwa mialoni, kwa hiyo hatari ya ndege kugongana na ndege ni ya kweli. Wengine waliweka tiki wakimaanisha kiumbe, wengine chombo. Kwenye sentensi kamili sarufi inatuokoa, "ndege ameruka" na "ndege imeruka" hazichanganyiki. Kisanduku hakina sentensi. Sasa tunaandika "ndege hai" na "chombo".

Sehemu ya jina iwe kipande cha kukatika, chini ya fomu. Wengi huuliza kwa nini tusipokee taarifa zisizo na jina kabisa. Tunazipokea, ila ni dhaifu, kwa sababu huwezi kumpigia mtu usiyemjua umuulize koni zilikuwa zimepangwaje. Jina linakaa kwa mpokeaji hadi mazungumzo yaishe. Kisha kipande kinagongwa muhuri wa tarehe na kurudishwa kwa mwenyewe, kama NASA wanavyofanya. Anabaki na ushahidi kwamba alisema. Mfumo unabaki bila jina lake, na nakala haiwekwi popote.

Hatua ya 5: Futa alama, si jina tu

Hapa ndipo vituo vidogo vinapoharibu. Uwanja mkubwa ukifuta jina umemaliza. Kwetu zamu ina watu sita. Chukua taarifa hii: "Jumanne asubuhi wakati wa kupakia migebuka, mkokoteni uligusa ndege." Haina jina, lakini soko zima la Kigoma litakuambia nani alikuwa kazini Jumanne. Migebuka yenyewe inataja Kigoma, kama asali inavyotaja Tabora.

Iandike upya: "Mzigo wenye maji ulilowesha sakafu ya maegesho, chombo cha kupakia kikateleza na kugusa ndege." Siku imeondoka, zamu imeondoka, samaki wameondoka. Maji yamebaki, na maji ndiyo sababu. Kila unapofuta neno, jiulize kama hatari bado inaonekana. Ikipotea, umefuta zaidi ya kiasi. Kisha changanya taarifa za vituo vyote viwili na uzitoe kwa pamoja kila baada ya miezi miwili, ili moshi wa mapori yanayochomwa kiangazi, unaopunguza umbali wa kuona, uweze kuwa wa Tabora au wa kwetu. Mwisho, msomee mwenyewe kabla hujabandika. Akisema "hapa watanijua", badilisha bila kubishana naye.

Kitu kimoja hakisubiri utaratibu huu. Ndege ikiguswa, rubani na fundi waambiwe palepale, kabla haijaruka. Ngozi ya ndege hubeba shinikizo la hewa, na mbonyeo mdogo unaweza kuwa na ufa usiouona. Kwa hiyo ukurasa wa Hatua ya 2 useme wazi kwamba anayesema kwa mdomo palepale analindwa sawasawa na anayejaza fomu.

Hatua ya 6: Rudisha jibu

Ndani ya siku tatu mtoa taarifa ajue kwamba imesomwa. Kwenye ubao, kila taarifa iandikwe pamoja na kilichofanyika, hata kama ni "tumeomba mikeka ya kuzuia utelezi, bado haijaja". Usiweke zawadi wala lengo la idadi, utaletewa za kutunga. Zikipungua ghafla, usifurahie. Nenda ukanywe chai na wapakiaji usikilize nini kimetokea.

Hatua ya 7: Jiandae kwa siku ya kuulizwa

Itakuja. Mkubwa wangu mmoja aliniita baada ya kusoma ubaoni kwamba mafuta yalimwagika.

"Mdogo wangu, mimi sitamfanya kitu. Niambie tu ni nani."

"Shikamoo mzee. Kipande chenye jina nilishakirudisha kwa mwenyewe. Mimi nina sababu tu, na sababu ni bomba la kujazia, limechoka."

Alinyamaza kidogo, akaniambia nimwonyeshe bomba. Tukaenda wote.